Wenye mvi nao wafundishwe kucheza

Desemba 1962, akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza kama Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni na vijana, na katika kueleza sababu zake akagusa suala la kucheza. Wasomi wa rika lake walizijua rumba, chachacha, waltz na foxtrot. Ni wangapi kati yao, aliuliza, wangeweza kucheza gombe sugu, kiduo au lelemama, au walikuwa wamewahi hata kuzisikia? Hotuba hiyo hutajwa mara nyingi utamaduni unapojadiliwa, na kwa kawaida husomwa kama shutuma kwa wakoloni. Ni sawa kuisoma hivyo. Lakini waliokuwa wakizungumziwa siku ile walikuwa watu wazima: wabunge, makarani, walimu, wazazi ambao wengi wao walikulia vijijini ngoma zikipigwa, kisha shule na misheni zikawatenga nazo. Kilichofuata ni kuundwa kwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, kikajaa vijana wenye viungo vyepesi. Upungufu ulikuwa wa watu wazima, tiba wakapewa vijana, na wale wasiojua wakabaki watazamaji.

Mgawanyo huo tunaishi nao hadi leo. Mtoto anayependa kucheza ana pa kuanzia, walau kwa kiasi: Kenya ina Tamasha la Muziki ambalo lilianza 1927 na ambako shule huleta ngoma za makabila mbalimbali kushindana, Tanzania hakuna mahafali ya shule yasiyo na ngoma. Kijana mwenye kipaji anaweza kuomba nafasi katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Baada ya hapo njia inakatika. Muuguzi anayekaribia kustaafu, fundi cherehani, dereva wa lori, mama ambaye watoto wake wameshaondoka nyumbani, wote wanaweza kuwa na hamu waliyoizika wakiwa darasa la tatu, kwa sababu kulikuwa na mdogo wa kubeba mgongoni, au kwa sababu baba alisema ngoma ni uhuni, au kwa sababu tu ada ilikuwa ngumu na mambo ya kucheza yalionekana anasa. Leo hawana darasa wala mwalimu, na wakimweleza mtu hamu hiyo huchekwa. Nasema watu hawa wafundishwe. Siku ya Wazee Duniani kuwaita mbele wacheze dakika tatu wapigiwe makofi hakutoshi. Wafundishwe kama wanafunzi, hatua kwa hatua, na mwalimu anayewarekebisha wanapokosea, mwezi baada ya mwezi, mpaka wajue.

Anayedhani kucheza ni kazi ya ujana aangalie nani walikuwa na mamlaka katika ngoma zetu. Katika unyago wa pwani na kusini mwa Tanzania, mwenye ngoma na mafunzo yake ni kungwi, na ukungwi haupatikani kwa wepesi wa kiuno. Huja na umri na miaka ya kuandamana na waliotangulia. Mwali hucheza akifundishwa, na anayemfundisha ni mtu mzima anayeonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye umri wake haukujulikana kwa hakika, aliendelea kupiga ngoma ya unyago na kuiimba jukwaani katika umri ambao wengi wetu hudhani ni wa kukaa kitini. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX na ulimwengu ukamshangaa. Waliolelewa katika unyago hawakuwa na sababu ya kushangaa, maana kwao bibi kuongoza ngoma ndiyo desturi.

Mombasa nayo ilikuwa na vyama vya lelemama, vikiwemo Banu Saada na Ibinaal Watan, ambavyo mwanahistoria Margaret Strobel aliviandika kwa kirefu. Mwanachama alipanda cheo kwa kugharamia karamu na ngoma, jambo ambalo msichana asiye na mali yake asingeliweza. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa mpaka bara na kuvuka mipaka, ilikuwa ya wanaume wenye ajira, waliopeana vyeo kama vya jeshi na kuviheshimu. Na mwaka 1955 Dar es Salaam, TANU ilipohitaji wanawake, haikwenda kuwatafuta shuleni. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma mjini, na katika muda mfupi maelfu ya wanawake wakajiunga na chama. Wengi hawakuwa wasichana. Walikuwa wanawake waliokwisha kuolewa, wengine kuachika, wenye biashara zao ndogondogo. Walikuwa wameshazoea kukutana, kuchanga fedha, kushona sare na kutii ratiba, na mazoea hayo waliyapata katika kucheza. Historia ya uhuru wa Tanganyika haielezeki vizuri bila watu wazima waliocheza ngoma pamoja, na nasikitika kwamba vitabu vya shule huligusa jambo hili kwa haraka sana.

Basi tulifikaje hapa? Misheni nyingi zilikataza ngoma kwa waumini wao, ingawa si zote kwa ukali uleule. Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alijaribu kuiingiza jando ndani ya maisha ya Kikristo badala ya kuifuta. Shule ikamtenga mtoto na rika lake la kijijini kwa miezi kadhaa kila mwaka. Lakini mabadiliko ambayo hatuyasemi sana yalikuja baada ya uhuru, kwa mikono yetu wenyewe na kwa nia njema: tuliipeleka ngoma jukwaani. Bomas of Kenya ilianzishwa 1971. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kikafuata 1981. Viwanja vya ndege vikajaa vikundi vya kupokea wageni. Juhudi hizo ziliokoa ngoma nyingi zisipotee, na silaumu hata moja. Ila jukwaa lina masharti yake. Linataka mwili mchanga, kasi, sare, na onyesho la dakika kumi linalomfurahisha mtu asiyejua lugha ya nyimbo. Ngoma ikishakuwa kitu cha kuonyeshwa tu, wanaoicheza hupungua na wanaoitazama huongezeka, na katika hao wa kutazama wapo wengi ambao zamani wangekuwa ndani ya duara.

Pingamizi zito kuliko yote ni aibu. Maneno yake tunayo tayari: mtu mzima ovyo. Mwanamke wa miaka 50 akisema anakwenda kujifunza ngoma ya sindimba, watoto wake ndio watakaokuwa wa kwanza kumsihi asiwaaibishe. Mwanamume akisema hivyo atadhaniwa amepata mchumba mpya. Silidharau pingamizi hili. Heshima ya mtu mzima ni mali ya jamii nzima, kwa sababu mzee asiyeheshimika hasuluhishi ugomvi wala hasikilizwi kwenye kikao cha ukoo. Lakini tuitazame aibu hii kwa karibu. Mama mzazi wa bwana harusi anapoingia ukumbini akicheza mbele ya wageni mia tatu, hakuna anayesema amejivunjia heshima. Asipocheza ndipo watu hunong'ona. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima kucheza si tatizo. Kinachotutisha ni mtu mzima kukubali kuonekana hajui, kukosea hatua mbele ya mwalimu wa miaka 22, kurudia kitu kimoja mara kumi kama mtoto. Tumezoea kwamba mkubwa ndiye anayefundisha, na akigeuka kuwa mwanafunzi tunahisi mpangilio umevurugika.

Aibu ya namna hiyo tulikwisha kuishinda mara moja, tena kwa mafanikio makubwa. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Miaka mitatu kabla yake, karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, waliobaki ni takriban mmoja katika kila kumi. Wazee walikaa chini ya miti wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe, wakafundishwa irabu na walimu wenye umri wa watoto wao, wengine wakiwa wametoka kumaliza darasa la saba. Hakuna aliyesema wamejishushia hadhi. Kenya nayo ilikuwa na Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akavaa sare na kaptura, akaketi na watoto. Taifa lilijivunia. Maruge alitaka kusoma Biblia kwa macho yake, na kila mtu alielewa kwamba hamu iliyonyimwa utotoni haipotezi haki yake kwa sababu mwenye nayo amezeeka. Sioni kwa nini hamu ya mguu ihesabiwe kuwa duni kuliko hamu ya jicho.

Atajibu mtu kwamba kusoma kuna faida na kucheza ni starehe. Starehe pekee ingenitosha kuwa sababu, lakini faida zipo na zimepimwa. Mwaka 2003 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 huko Bronx, New York. Katika shughuli zote za mwili zilizochunguzwa, kucheza dansi ndiko pekee kulikohusishwa na kupungua kwa hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dansi ndiyo iliyowakinga. Huenda waliokuwa wameanza kusahau walikuwa wameacha kucheza mapema. Ndiyo maana naupa uzito zaidi utafiti wa Magdeburg, Ujerumani, uliochapishwa 2017, japo ulikuwa wa kundi dogo. Wazee waligawanywa katika makundi mawili: wengine wakafanya mazoezi ya kawaida, wengine wakafundishwa dansi yenye hatua mpya zilizobadilishwa mara kwa mara, kwa mwaka mmoja na nusu. Makundi yote mawili yalinufaika katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, lakini waliojifunza dansi ndio pekee ambao uwezo wao wa kusimama bila kuyumba uliongezeka. Kuyumba ndiko kunakowaangusha wazee, na mzee akivunjika nyonga nyumba nzima huingia gharama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara walau siku tatu kwa wiki. Ushauri huo hutolewa hospitalini kila siku na mara nyingi hausikilizwi, kwa kuwa kuinua mguu peke yako chumbani kunachosha. Kuuinua pamoja na wenzako ishirini, ngoma ikipigwa, ni jambo ambalo mtu atalirudia wiki ijayo kwa hiari yake. Mwenye shinikizo la damu au magoti mabovu aanze kwa daktari, kama anavyopaswa kufanya kabla ya zoezi lolote.

Wapo pia watakaosema darasa halihitajiki kwa sababu watu wazima wanacheza tayari: kwenye harusi, kwenye send-off, kwenye kumbi ambako Msondo Ngoma na Sikinde wangali na wapenzi wao wenye mvi. Ni kweli, na mtu akiwatazama wapenzi hao wa muziki wa dansi ataona utulivu wa miguu ambao vijana hawana. Lakini hao ni waliowahi. Walijifunza wakiwa na miaka ishirini na hawakuacha. Asiyejua huenda harusini akasogea kidogo kushoto, kidogo kulia, akapunga kitambaa, akarudi kuketi, na hivyo ndivyo atakavyocheza mpaka siku ya mwisho. Aliyewahi kutamani, akiwa mtoto, kuvijua vizuri vile alivyoviona wakubwa wakivifanya hawezi kuridhika na kusogea. Anataka kuelewa kwa nini mguu unakanyaga pale mpigaji anapobadilisha mkono. Hilo halipatikani katikati ya pilau na picha.

Hoja kwamba anayechelewa hawezi kuwa bora ina ukweli ndani yake, nami sitaki kumdanganya mtu. Mwenye miaka 60 hatacheza singeli kwa kasi ya vijana wa Manzese, na asijaribu. Ndoto ya mtoto ya kuruka juu kuliko wote imekwisha, na mwalimu mwema atamwambia mwanafunzi wake hivyo siku ya kwanza. Lakini hazina yetu ni pana kuliko miruko. Lelemama ni ngoma ya mistari, mwendo mdogo na mikono inayojua inachokifanya; ugumu wake uko katika usahihi. Mwanzele ya Wagiriama ni ngoma ambayo wazee wana nafasi yao ndani yake. Mwomboko ya Wakikuyu, yenye kodiani na chuma cha karing'aring'a, ilipendwa na vijana wa miaka ya 1940. Leo ukiiona kwenye sherehe za kitaifa, wanaoicheza ni wazee wenye fimbo, na hakuna anayehisi imekosa kitu. Ngoma huhama umri, na nyingine hunoga zaidi inapohama. Nje ya mipaka yetu yuko Kazuo Ohno wa Japani, mwalimu wa michezo aliyemwona mchezaji Antonia Mercé jijini Tokyo mwaka 1929 akiwa kijana. Alianza kujifunza, vita vikamkatiza, na onyesho lake la kwanza mwenyewe likaja 1949, akiwa na miaka 43. Mwaka 1977, akiwa na miaka 71, alitunga kazi ya kumkumbuka mwanamke yule, na kazi hiyo ndiyo iliyomtangaza ulimwenguni. Hakuna kijana ambaye angeweza kuicheza, kwa sababu kilichochezwa mle kilikuwa ile miaka 48 iliyopita katikati. Wanafunzi ninaowatetea si wasanii wa kiwango hicho, lakini nao wana miaka yao, na miaka huonekana katika namna mtu anavyosimama kabla hajaanza.

Kuhusu dini nitasema machache, kwa kuwa kila muumini ana walimu wake na mimi si mmoja wao. Anayeamini kwamba imani yake inamkataza asishurutishwe. Ila tusiseme kwamba dini zetu hazijui mwili wa mtu mzima ukienda kwa mpangilio. Zanzibar kuna maulidi ya homu, wanaume wamepiga magoti safu kwa safu wakiinama na kuinuka pamoja. Siiti ngoma, na wenyewe hawaiiti hivyo, lakini ni elimu ya mwili inayofundishwa kwa miaka. Makanisani akina mama wa vyama vya kitume huingia na matoleo kwa hatua walizozifanyia mazoezi wiki nzima. Na kwa anayetaka wanawake wawe peke yao, pwani ilikuwa na ngoma za ndani, za wanawake kwa wanawake, tangu zamani. Darasa la watu wazima linaweza kufuata utaratibu huohuo bila kumkwaza mtu.

Limebaki suala la fedha. Mtu anaweza kusema kata isiyo na dawa za kutosha haina sababu ya kufikiria ngoma, na ningekubali kama darasa hili lingehitaji jengo au mashine. Linahitaji uwanja, ngoma mbili tatu, na mwalimu anayelipwa. Uwanja upo: shule zetu huwa tupu Jumamosi jioni. Walimu wapo: TaSUBa hutoa wahitimu ambao wengi hupigania nafasi chache za hoteli na sherehe, na wilayani kuna wazee wenye ngoma zao ambao hakuna anayewaomba wafundishe. Wanafunzi nao wangechangia. Tumeshaona klabu za jogging za Dar es Salaam, ambako watu wenye vitambi na wajukuu huamka alfajiri, wakavaa fulana za rangi moja na kukimbia barabarani wakiimba, kwa michango yao wenyewe. Kabla klabu hizo hazijaenea, mtu mzima kukimbia mtaani bila kufukuzwa lilikuwa jambo la kushangaza. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua mlango, na katika halmashauri mtu huyo yupo kwenye orodha ya mishahara: ofisa utamaduni. Kazi yake isiishie kutafuta kikundi cha kumpokea waziri.

Pa kuanzia papo. Mtumishi wa umma Tanzania hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, na kabla ya hapo wengi huitwa kwenye semina za maandalizi, ambako hufundishwa ufugaji wa kuku, uwekezaji na namna ya kuwaepuka matapeli wa mafao. Yote hayo ni ya lazima. Ofisa utamaduni naye apewe saa moja, aje na mpigaji mmoja na mwalimu mmoja, aeleze ni ngoma gani zitafundishwa wilayani mwaka huo, siku gani na kwa mchango wa shilingi ngapi, kisha apitishe karatasi ya kujiandikisha kabla watu hawajatoka ukumbini.